NeST kwa jicho la mtengeneza madawati

Swali ninaloulizwa sana na mafundi wenzangu wa huku Nyanda za Juu Kusini ni hili: mfumo wa NeST, ule wa zabuni za serikali kwa mtandao, unafaa, au ni kupoteza hela na muda kwa sababu kazi za serikali zina wenyewe? Jibu langu ni kwamba unafaa, jisajili. Ninaupa nyota nne kati ya tano. Nitaeleza pia ile moja iliyobaki imekwenda wapi, maana hapo ndipo mambo yanayowafikisha watumishi wa umma mahakamani yanapofanyika mpaka leo.

Karakana yetu iko Mafinga. Tunatengeneza madawati, meza na viti vya walimu, makabati ya zahanati na vitanda vya mabweni. Wateja wetu wakubwa ni shule na halmashauri, kwa hiyo zabuni siwezi kuzikwepa. Nimepita kwenye zabuni za karatasi, nikapita kwenye TANePS, mfumo wa mtandao uliotangulia, na tangu 2023 niko NeST. Ninaandika kama mtumiaji. Sheria nimejifunza kwa kuumia, kompyuta nimefundishwa na binti yangu.

Kwa asiyeujua, NeST ni mfumo wa serikali wa kufanyia manunuzi kwa mtandao, unasimamiwa na PPRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Umejengwa na wataalamu wa hapa hapa nchini, ukachukua nafasi ya TANePS. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeufanya kuwa wa lazima. Wizara, halmashauri, hospitali, vyuo, hadi shule ya msingi inayojenga choo kwa fosi akaunti, yaani inayosimamia kazi yenyewe kwa kutumia mafundi wa kawaida, wote wanatakiwa wapitie humo.

Ili uone umetutoa wapi, kumbuka zamani ilivyokuwa. Tangazo linabandikwa kwenye ubao wa halmashauri, na mara nyingine unalikuta limebakiza siku mbili kwa sababu juu yake imebandikwa karatasi ya mnada wa ng'ombe. Unapanda basi kwenda kununua kabrasha la zabuni. Unasaini kitabu, na kuanzia hapo aliyekaa kwenye meza ile anajua nani na nani wameomba. Unajaza, unabaindi nakala, unafunga bahasha, unapiga lakiri, unapanda basi tena kwenda kuitumbukiza kwenye sanduku. Kila hatua ina mtu, na kila mtu ana nafasi ya kukuuliza umemjia na nini. Nimeshuhudia kurasa zikidaiwa kuwa hazimo kwenye bahasha iliyofungwa na mikono yangu mwenyewe. Bei za watu zilijulikana usiku wa kuamkia siku ya kufungua, na mshindi alishinda kwa tofauti ya elfu ishirini kwenye kazi ya mamilioni.

Hayo NeST imeyaondoa, na ndiyo maana ninaipa nyota nne. Tangazo ninaliona kwenye simu nikiwa karakana. Siendi popote kununua kabrasha, na hakuna kitabu cha kusaini. Ninajaza bei yangu, ninaiwasilisha, na saa ya kufunga ikifika mfumo unafunga wenyewe. Hakuna wa kuongezewa dakika tano kwa sababu gari lake limeharibikia njiani. Kufungua nako ni kazi ya mfumo kwa saa iliyopangwa. Mwenye sanduku hayupo tena.

Usajili wenyewe ni mwepesi kama karatasi zako za biashara ziko sawa. Unahitaji namba ya NIDA, TIN, leseni ya biashara hai, na kama ni kampuni au jina la biashara, usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mfumo unazungumza na mifumo ya TRA, BRELA na NIDA, kwa hiyo jina likitofautiana herufi moja kati ya TIN na kitambulisho chako, shughulikia hilo kwanza kabla hujaanza. Kisha unachagua aina ya biashara unayofanya. Hapa soma taratibu. Samani ni kundi lake, kazi za ujenzi ni kundi lake na zinataka usajili wa bodi ya makandarasi. Fundi seremala akijiweka kwenye vifaa vya ofisini vya karatasi na kalamu, matangazo ya madawati yatampita. Malipo yoyote ya serikali humo unayafanya kwa namba ya udhibiti, kupitia simu au benki, kama unavyolipia leseni.

Sasa kuna jambo la steshenari, na hili ninaomba lisomwe kwa makini. Mafundi wengi hatuna kompyuta. Kwa hiyo tunakwenda steshenari ya mjini, kijana anatufungulia akaunti, anatuwekea nywila, anaiandika kwenye daftari lake ili tukija tena asisumbuke. Matokeo yake kijana mmoja anashika akaunti za mafundi wanane wa mji mmoja, wote wanaoomba kazi ileile. Anaona bei ya kila mmoja kabla ya kufunga. Hata awe mwaminifu kiasi gani, siku atakapokuja mtu na shilingi laki moja kumuuliza mama wa madawati ameweka ngapi, siri ya mfumo mzima inaishia kwenye daftari la kijana wa steshenari. Lipa akuelekeze, akuchapie, akuskanie. Nywila na simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho vibaki kwako. Kama huwezi kuandika mwenyewe, mwanao wa kidato cha pili anaweza, na siri itabaki nyumbani.

Nilichokipenda kuliko vyote ni sehemu ya kuomba ufafanuzi. Taasisi moja, sitaitaja, ilitangaza zabuni ya samani. Kwenye vipimo wakaandika aina ya kiti kwa namna ambayo sisi wa ukanda huu tulijua ni kiti cha duka gani, mpaka umbo la mkono wake. Zaidi ya hapo walitaka mzabuni awe amefanya kazi kadhaa za aina ileile kwa taasisi za umma ndani ya muda mfupi uliopita. Ukisoma haraka unaona ni umakini. Ukisoma kama mfanyabiashara unaona jina la mshindi limeandikwa bila kuandikwa.

Enzi za karatasi ningenyamaza. Safari hii niliandika humo humo kwenye mfumo, kwa lugha ya heshima: naomba kufahamu kama kiti chenye vipimo hivi vya urefu, upana na uimara, lakini chenye mkono wa umbo tofauti, kitakubalika. Ufafanuzi ukishatolewa unawafikia wazabuni wote, na swali na jibu vinabaki vimeandikwa. Walijibu kwamba kitakubalika, na sharti la uzoefu wakalirekebisha. Sikushinda kazi hiyo. Alishinda kijana wa Makambako kwa bei ya chini kuliko yangu, na nilipoona bei yake nilielewa, maana ana mashine ya kuranda na mimi nilikuwa bado napeleka mbao kurandwa kwa watu. Nilifurahi kushindwa kwa bei na si kwa mkono wa kiti.

Kuona bei ya aliyeshinda si hisani, ni haki yako. Kabla ya kutoa tuzo, taasisi inatakiwa itume taarifa ya kusudio la kutoa tuzo kwa wote walioomba, ikitaja nani anakusudiwa kupewa, kwa bei gani, na wewe umeangukia wapi. Baada ya hapo kuna siku 5 za kazi za kuwasilisha malalamiko kwa afisa masuuli, yaani mkurugenzi wa halmashauri au mkuu wa taasisi. Usiporidhika na jibu lake unakwenda PPAA, Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Watu wengi siku hizo zinawapita kwa sababu hawafungui akaunti. Ukishawasilisha zabuni, fungua kila siku.

Naomba nieleze kwa nini jambo la bei na vipimo linaniuma kiasi hiki. Nilipokuwa najifunza kazi kwa fundi wangu Iringa, gumzo la karakana lilikuwa chenji ya rada. Wadogo hawakumbuki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yetu ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, bei iliyolalamikiwa hata na waziri wa Uingereza wa wakati ule, Clare Short. Baadaye ikafahamika kwamba kuna mamilioni ya dola yalilipwa kwa wakala. Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za malipo yale, ikapigwa faini ya pauni laki 5, na ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Pesa hiyo, ndiyo chenji ya rada, ilikwenda kununua vitabu vya shule za msingi na madawati. Mimi ninayejua dawati moja linakula mbao ngapi, nilikaa nikafikiria watoto waliosoma chini kwenye vumbi miaka yote ile pesa ikiwa imekaa kwenye bei ya rada.

Halafu Richmond. Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani kwa ukame, serikali ikaingia mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na Richmond, kampuni ambayo kamati ya Bunge, chini ya Harrison Mwakyembe, ilikuja kusema haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi hiyo. Februari 7, 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakaondoka naye. Kati ya hao watatu hakuna aliyepandishwa kizimbani kwa mkataba ule. Leo mimi mwenye karakana ya mbao siwezi kuuza meza kumi kwa shule ya kata bila mfumo kunihakiki TIN na leseni. Ninakubali kuhakikiwa, na ninataka mwenye megawati ahakikiwe kwa ukali uleule.

Waliofikishwa mahakamani nao njia ilikuwa ndefu. Basil Mramba aliyekuwa Waziri wa Fedha na Daniel Yona aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini walisomewa mashtaka katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Novemba 2008, matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7, kuhusu mkataba wa kampuni ya Alex Stewart ya kukagua dhahabu na msamaha wa kodi iliyopewa. Hukumu ilitoka Julai 2015, miaka karibu saba baadaye. Wawili hao walifungwa miaka mitatu, Gray Mgonja aliyekuwa Katibu Mkuu Hazina akaachiwa huru. Rufaa ikapunguza kifungo, na mwaka 2016 wakabadilishiwa kuwa kifungo cha nje, wakawa wanafanya usafi katika hospitali ya Sinza Palestina. Amatus Liyumba wa Benki Kuu naye alishtakiwa kwa hasara ya bilioni 221 katika ujenzi wa majengo pacha ya benki, na Mei 2010 akahukumiwa miaka miwili kwa kosa la matumizi mabaya ya ofisi peke yake.

Nimezitaja kesi hizi kwa sababu zote zilitegemea makaratasi na kumbukumbu za watu. Nani aliidhinisha, lini, kwa barua ipi, faili liko wapi. Kwenye NeST kila anayefungua, anayetathmini na anayeidhinisha anaacha jina lake na saa yake. Mjumbe wa kamati ya tathmini hawezi kusema mwaka mmoja baadaye kwamba alisaini asichokisoma kwa sababu alipelekewa karatasi ya mwisho tu. Kwa mwendesha mashtaka huo ni ushahidi ambao hauchomwi moto wala kuliwa na panya. Kwa ofisa mwaminifu ni kinga, na wapo wengi, nimefanya nao kazi.

Sasa ile nyota moja. Kwenye kazi yangu, NeST iliona mpaka kwenye mkataba. Baada ya hapo mzigo ulitoka karakana kwenda shuleni, na huko mfumo haukuwa na macho.

Tulishinda kazi ya madawati kwenye halmashauri moja. Bei yetu ilikuwa shilingi 95,000 kwa dawati la watoto watatu: pipe za mraba inchi moja na nusu geji 16, mbao za paina zilizokaushwa, rangi ya kuzuia kutu chini na ya mafuta juu. Tumesaini mkataba, tumeanza kukata, simu ikaita. Aliyepiga hakuwa ofisa. Alikuwa mtu wa katikati, sauti ya upole kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, ile kazi yako ipo vizuri sana, wazee wamefurahi. Wanasema tu usiwasahau. Unajua kawaida ni kumi."

"Kumi nini, mwanangu?"

"Asilimia, mama. Kwenye malipo. Sasa hivi hakuna haraka."

Nikamwambia bei yangu ipo kwenye mfumo, wameiona wote, anionyeshe hiyo kumi imekaa wapi. Akacheka kidogo akasema mama utajua mwenyewe.

Na kweli hesabu yake ninaijua. Asilimia kumi ya 95,000 ni 9,500. Faida yetu halali kwenye dawati lile, baada ya pipe, mbao, umeme, mafundi, usafiri, na ile asilimia 2 ya kodi ya zuio wanayokata kwenye malipo, ilikuwa kama 12,000. Mwenye karakana hawezi kutoa 9,500 akabaki na biashara. Kwa hiyo anayekubali haitoi mfukoni kwake. Anaitoa kwenye dawati.

Anaitoa hivi. Geji 16 ina unene wa karibu milimita moja na nusu. Geji 20 haifiki milimita moja. Kwa nje zinalingana, inchi moja na nusu kwa inchi moja na nusu, na ukishapiga rangi hakuna mzazi wala mwalimu atakayetofautisha kwa macho. Dawati moja linakula pipe moja na nusu ya mita sita, kwa hiyo hapo tayari kuna elfu kadhaa zimepatikana. Zinazobaki anazipata kwa kutumia mbao mbichi zilizotoka msumenoni wiki ileile. Lakini pipe nyembamba haichomeleki vizuri. Moto ukikaa kidogo unatoboa, kwa hiyo fundi anapitisha welding haraka haraka, anaacha vidoti, anapaka puta juu, ile dawa nyeupe ya kuziba mashimo, anapiga rangi. Kiungo kinaonekana kimejaa kumbe ni puta. Mbao mbichi nayo ikikauka darasani inapinda, inavuta bolti, tundu linapanuka. Watoto watatu wakikaa na wa nne akiegemea, panaachia pale mguu wa nyuma unapokutana na kikalio. Nenda shule yoyote uangalie rundo la vyuma nyuma ya jengo la choo. Geuza dawati, gusa kiungo hicho. Utakuta kimeachia hapo hapo, na ukikwangua utakuta puta nyeupe.

Ndiyo maana ninaposoma kwamba ofisa fulani ameshtakiwa kwa kushawishi rushwa ya milioni mbili tatu kwenye zabuni, na watu wanasema hiyo hela ndogo wamwache, sikubaliani. Milioni mbili, kwa 9,500 kila dawati, ni madawati zaidi ya mia mbili yenye viungo vya puta.

Sisi tulikataa. Madawati yakapelekwa shuleni, yakapangwa chini ya mti kwa sababu mwalimu mkuu hakuruhusiwa kuyaingiza darasani kabla ya kamati ya ukaguzi na mapokezi kuyaona. Kamati haikuja. Mara gari halina mafuta, mara mjumbe mmoja yuko Dodoma, mara kuna ziara ya mkuu wa mkoa. Mvua za Desemba zikaanza. Nilitoa turubai zangu nikawapelekea wafunike. Bila hati ya mapokezi hakuna malipo, kwa sababu malipo yanapita mfumo mwingine wa serikali, MUSE, na huko hawaanzi bila karatasi hiyo. Hapo ndipo mtu mwenye mkopo wa benki anapopiga magoti. Ninawajua waliopiga, na siwahukumu, maana riba hailali.

Kilichotusaidia ni maandishi. Kila juma nilipeleka barua masjala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ikabaki kwangu, nakala nyingine kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri. Barua fupi: mzigo umefika tarehe fulani, mkataba namba fulani, naomba ukaguzi. Simu ya yule mtu wa asilimia kumi niliitolea taarifa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Namba yao ni 113, haikatwi salio, na ofisi iko kila wilaya. Yanayoendelea huko si ya kuandika hapa. Mwishowe kamati ilikuja, na mjumbe mmoja, mwalimu wa ufundi, alikuwa na vanieri yake mfukoni, kifaa cha kupimia unene. Alipima pipe kwenye mguu uliokuwa haujafungwa kofia. Akasoma moja nukta tano, akaandika, akasaini. Ningependa kila kamati ya mapokezi nchini iwe na mtu wa namna ile na kifaa kile, na kipimo kilichosomwa kiingizwe kwenye NeST pamoja na picha kabla hati haijatoka. Kufanya hivyo hakuhitaji sheria mpya. Mfumo unaoweza kuhakiki TIN yangu kwa sekunde unaweza kuhifadhi picha ya mguu wa dawati.

Neno moja kwetu wazabuni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haimbani mpokeaji peke yake, mtoaji naye yumo. Na kumlipa mshindani ajitoe kwenye zabuni ni kosa vilevile. Nasema hivi kwa sababu kuna mtindo umezuka wa mafundi kukaa kijiweni na kugawana, hii chukua wewe weka chini, sisi tutaweka juu, ijayo zamu yangu. Watu wanaona ni ushirikiano wa mafundi. Bei zinazopangwa pale ndizo halmashauri inalipa, na anayepunjwa ni mtoto yuleyule. Tena msisahau kwamba bei hizo zote ziko ndani ya mfumo mwaka hadi mwaka, na mkaguzi akizipanga pembeni kwa pembeni ataona zamu zinavyozunguka.

Kuhusu mtandao vijijini, ni kweli, kuna kata ambazo fundi anapanda kilima kutafuta intaneti, na walimu wakuu wanalalamika kwamba mradi wa choo unakwama kwa sababu fundi wa kijiji hajasajiliwa. Dawa ni kumsajili fundi mapema, kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti ya shule. Wakisubiri fedha ziingie ndipo waanze kutafuta kitambulisho chake, watachelewa kila mwaka. Mafunzo yapo, ofisi za kanda za PPRA zinayatoa, na waliotufundisha sisi walikuwa wavumilivu, wakarudia mpaka mama wa miaka sitini akaweza kuwasilisha mwenyewe.

Kwa akina mama, vijana, wazee na watu wenye ulemavu: taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa ajili yenu, na zabuni hizo hushindaniwa na vikundi vilivyosajiliwa tu. Humo hamjisajili kama kampuni, mnaingia kupitia taasisi wezeshi, yaani ile inayokisimamia kikundi, na kwa wengi wetu hiyo ni halmashauri yenyewe. Anzeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao cha kuchagua viongozi, TIN ya kikundi, akaunti ya benki yenye jina hilohilo na vitambulisho vya NIDA vya wanachama. Mkishaingia, mchague mwanachama mmoja wa kufungua akaunti kila siku, na nywila aishike yeye na mwenyekiti, basi.